Moto Uliopanda Kooni mwa Ngalula

Mwaka ule wa 1975 kwaya yetu ya Kolwezi ilialikwa kuimba mjini Tenke, kwenye ufunguzi wa kanisa jipya, na hakuna aliyeuliza nani angeongoza. Ni Mama Ngalula, mkaanga mikate wa sokoni, ambaye sauti yake ilivuka reli bila kipaza sauti. Zikiwa zimebaki wiki sita, sauti ikakatika.

Ilianza kukwaruza asubuhi. Kikafuata kikohozi kikavu, maji machungu kinywani, na moto uliopanda kutoka chembe cha moyo mpaka kooni. Ngalula alificha. Kaka yake Numbi alikufa ameshika kifua, naye aliamini zamu yake imefika. Wifi yake Tshiela alisema ni jicho la wenye wivu. Siku aliposhindwa kumaliza ubeti mbele ya kwaya nzima, mwalimu wa kwaya akampa mwingine nafasi ya kuongoza, naye akaenda zahanati.

Muuguzi Mukalay alimpeleka kwanza kwa daktari. Moyo ukapimwa, ukaonekana mzima. Ndipo akaanza maswali ambayo Ngalula hakuyategemea.

“Unakulaka saa ngapi, mama?”

“Kisha kutoka mazoezi, saa tatu ya usiku.”

“Na kisha kula?”

“Ninalala. Mi ninachokaka, baba.”

Akamwuliza habari za pilipili, za kahawa, hata namna anavyokaza kikwembe kiunoni. Halafu akamweleza kwamba mwisho wa koo la chakula kuna kama mlango mdogo. Wa kwake umelegea, kwa hiyo akilala tumbo limejaa, maji makali yanayosaga chakula hupanda na kuchoma hadi penye sauti. Yakiachwa miaka mingi hutia vidonda, hata kumeza kukawa taabu.

“Sauti yako haiyakufa,” akasema. “Inaungua tu.”

Ngalula alirudi nyumbani nusura akimbie. Jioni hiyohiyo yeye na mumewe Kalala waliinua kitanda kwa matofali upande wa kichwa, na Kalala akalalamika wiki nzima kwamba anaamka miguu iko nje ya shuka. Bukari, ugali wao, ikaliwa saa kumi na moja, kabla ya mazoezi, sahani moja tu. Kikwembe kikalegezwa. Pilipili akawaachia wageni, na baada ya kula alitafuna vidonge vyeupe alivyopewa na Mukalay.

Wiki ya tatu, akigeuza mikate kwenye mafuta, aliimba bila kufikiri, na ile sauti ya juu ikatoka safi. Wanunuzi wakageuka. Akapanda juu zaidi. Mikate ikawa mkaa, naye yuko njiani kumwambia mwalimu wa kwaya amrudishie nafasi yake.

Kule Tenke watu walijaa mpaka madirishani. Ngalula alianza peke yake, na kabla wenzake hawajaingia kanisa zima lilikuwa limesimama. Tshiela alipiga vigelegele huku machozi yakimtoka. Waliimba wimbo uleule mara tatu, maana wenyeji walikataa kuwaacha waketi.