Mabango Mawili Kwenye Nyasi za Bi Okabe

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Houston, nilikabidhiwa sanduku la kanda za video na kuambiwa nisiseme neno mpaka saa nane mchana. Nilikaa nyuma ya ukumbi mdogo nikiwa na tai niliyoazima, nikimsikiliza Mkuu wa Ofisi akizungumza na wake na waume ishirini waliotoka Japani wiki ileile. Kampuni zao ziliwaleta Texas kwa miaka mitatu au minne, na ofisi yetu ililipwa kuwafundisha kuishi: jinsi ya kukata bima, jinsi ya kuzungumza na mwalimu wa shule, na, mwaka wa uchaguzi ulipofika, kwa nini majirani zao walikuwa wamenuniana.

Vijana wa kanisa letu hapa Mansfield, karibu na Dallas, hucheka nikiwaambia hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Mimi ni Mtaita wa Voi, niliyeishia kidato cha nne. Kijapani nilikiokota nikiwaendesha watalii Tsavo, kwanza maneno ya tembo na simba, kisha ya hali ya hewa, kisha ya huzuni, maana mtalii akishachoka kutazama wanyama huanza kusimulia habari za kwao. Mtalii mmoja ndiye aliyenipa anwani ya ofisi ya Houston. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuniwasha kwa hamu ya kusafiri.

Mchana ule Mkuu wa Ofisi aliniita. Alikuwa mzee mwembamba aliyekunywa kahawa baridi siku nzima.

"Mwakio-san," aliniita, kwa ile "-san" ya heshima ya Kijapani, "umesoma katiba ya nchi hii?"

"Kidogo, bwana."

"Iache. Hawa wameisoma kuliko mimi na wewe. Wanachokosa ni mahali pa kuishika. Mpe mtu kitu anachokijua, kitamshikia kile asichokijua." Akagonga sanduku la kanda. "Na jambo moja. Sisi hatuvuki uzio. Tunamweleza mteja mambo ya jirani. Kwa jirani hatuendi."

Ndani ya sanduku mlikuwa na michezo na burudani za kwao, zilizorekodiwa kutoka televisheni. Hizo ndizo zilizokuwa zana zetu. Kura za mchujo, ambapo chama huwapunguza wagombea wake mpaka abaki mmoja, tulizieleza kwa mashindano ya uimbaji ya kijijini, yale ambayo mwimbaji dhaifu hukatizwa na mlio wa kengele katikati ya wimbo. Mgombea akijitoa baada ya jimbo la pili, niligonga kengele ndogo, na ukumbi mzima ulielewa. Midahalo tuliieleza kwa mieleka ya kulipwa, ambako watu hutukanana kwenye kipaza sauti kabla hawajagusana. Jambo gumu lilikuwa kura za majimbo, ambazo ndizo humpata rais: mtu anawezaje kupata kura nyingi za wananchi na bado ashindwe? Hapo niliweka kanda ya sumo, ile mieleka yao ya wanaume wanene ndani ya duara. "Tazameni," nilisema. "Huyu amemtupa mwenzake mpaka mapajani mwa watazamaji. Yule amemsukuma wake mpaka kidole kimoja tu cha mguu kikatoka nje ya duara. Kila mmoja ameandikiwa ushindi mmoja." Jimbo ni pambano moja, ukilishinda kwa kura milioni au kwa kura kumi. Nilisikia ule mguno mrefu wa Wajapani wanapoelewa, na nakiri kwamba niliupenda kuliko mshahara.

Miaka sita nilikaa Houston, kisha nikahamishiwa tawi la Carrollton, kaskazini ya Dallas, nihudumie familia za mji jirani wa Plano. Mkuu wa Tawi alikuwa mwanamke mkali aliyesahihisha barua zangu kwa kalamu ya kijani. Niliishi katika vyumba vya kupanga vyenye samani za kukodi, na kila mkataba ulipokwisha nilihama, bila sababu. Jirani yangu wa ukutani nilimjua kwa kikohozi chake. Aliyenitembelea ni Nyambura, nesi wa Nyeri, aliyepita Jumapili baada ya ibada na chapati zilizofungwa kwa taulo.

"Wewe Mwakio ni maajabu," alinitania. "Unawa-explain Wajapani Amerika yote, na hujui jina la mtu wa next door."

"Nitahama mwezi ujao. Nikamjue wa nini?"

"Ulisema hivyo mwaka jana, bwana. Na mwaka juzi."

Mwaka ule wa uchaguzi, darasani kwangu Plano, mwanafunzi bora alikuwa Bi Okabe. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, watoto wake wakubwa wamebaki Nagoya, mumewe akisafiri kikazi siku nne kati ya saba. Aliandika kila nilichosema, hata mizaha. Nilijua kwamba ana rafiki mmoja tu Marekani yote: jirani yake wa kushoto, mjane aitwaye Bi Lorene, aliyewahi kuendesha basi la shule. Kila Alhamisi wawili hao walishona pamoja blanketi la vipande, huyu nusu yake, yule nusu yake, na Kiingereza cha Bi Okabe kilitoka chote kwenye meza ile ya kushonea.

Siku ile nilifundisha kuhusu mabango ya uani, yale madogo yenye jina la mgombea ambayo watu huchomeka kwenye nyasi mbele ya nyumba kuonyesha wanamuunga mkono nani. Nilionyesha picha ya bendera ndefu za rangi zinazopeperuka nje ya uwanja wa sumo, kila moja na jina la mwanamieleka. Nikasema bango la uani ni bendera kama hizo. Bi Okabe akainua mkono.

"Na mtu akiletewa mabango mawili, ya wapinzani?"

Ningeweza kumuuliza kwa nini. Lakini ukumbi ulikuwa umechangamka, nami nilitaka wacheke.

"Uwanjani huweka yote, Okabe-san. Mwanamieleka asiye na bendera atalia."

Walicheka kweli. Bi Okabe aliandika.

Wiki mbili baadaye ikaja barua yake. Alishukuru kwa mafunzo na kuomba kuacha darasa kwa sababu za kiafya. Mkuu wa Tawi aliisoma, kisha akaiweka mbele yangu.

"Ameomba radhi mara tatu katika ukurasa mmoja," alisema. "Huyu si mgonjwa. Umemfanya nini?"

Jumamosi nikaenda Plano. Kabla sijazima gari niliyaona. Bango la mgombea huyu na bango la mgombea yule, yamechomekwa bega kwa bega kwenye nyasi zake, umbali ukiwa umepimwa sawasawa.

Bi Okabe alinikaribisha chai. Mezani kulikuwa na rundo la vipande vya kitambaa, vimepangwa kwa rangi. Alieleza taratibu, akitazama kikombe. Bi Lorene alimletea bango moja, jirani wa kulia akamletea la pili. Kukataa lolote kungekuwa utovu wa adabu. Kwa bahati mwalimu alisema huwekwa yote, basi akayaweka yote. Kesho yake alikuta nusu ya blanketi ya Bi Lorene mlangoni, vipande ambavyo bado havijaunganishwa, ndani ya mfuko, bila barua. Alhamisi mbili zilikuwa zimepita bila kushona pamoja.

"Nimefanya kosa gani, Mwakio-san?" aliuliza. "Nimelitafuta kwenye daftari. Silioni."

Halikuwa kwenye daftari lake. Nilitoka nje, nikasimama kwenye ule mstari ambapo nyasi zake zilikutana na za jirani, nikamkumbuka mzee wa Houston na kahawa yake. Kisha nikavuka.

Bi Lorene alifungua mlango nusu. Nilijitambulisha na kuanza kama nilivyozoea: huko Japani kuna mieleka, na nje ya uwanja kuna bendera.

"Kijana," alisema, "mimi sikukuuliza habari za mieleka."

Kila nilichokuwa nacho kilikuwa mfano wa kitu kingine.

"Kile kigingi cha bango langu alikichonga marehemu mume wangu," alisema. "Kila uchaguzi alisimamia mabango ya mtaa huu. Sikumpa mtu mwingine kigingi chake. Nimempa yeye. Naye akakiweka pale kama mchezo."

"Aliniuliza darasani," nilisema. "Nilimjibu kwa mzaha, kwa kuwa watu walikuwa wanacheka. Yeye aliamini mimi najua."

Akafungua mlango wote. "Basi mjinga ni wewe."

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hakuja kuniuliza mwenyewe? Nilimngoja."

"Aliogopa kukusumbua. Vipande vyako viko mezani. Amevipanga kwa rangi."

"Kwa rangi?" Akashusha pumzi. "Havipangwi kwa rangi. Nimemwambia mara ngapi."

Akanipita na kuvuka nyasi na viatu vyake vya ndani. Alipofika kwenye mabango alisimama. Hakung'oa lolote. Alikinyoosha tu kigingi cha mumewe, kilichokuwa kimeinama, kisha akabisha. Mlango ulifunguliwa, ukafungwa. Kupitia dirishani niliwaona wameinamia meza, midomo ikienda, Bi Okabe amefunika uso kwa kiganja, sijui analia au anacheka. Nilingoja kidogo pale nje, nikidhani wataniita. Hawakuniita, wala hapakuwa na sababu. Nikarudi kwenye gari.

Jumatatu nilimweleza Mkuu wa Tawi yote. "Umevuka uzio," alisema, na mpaka uchaguzi ulipokwisha kazi yangu ilikuwa kupokea wageni uwanja wa ndege. Sikulalamika. Niliporudishwa kufundisha, Bi Okabe naye alirudi darasani. Aliendelea kuandika, lakini nilipotania aliinua kalamu na kungoja.

Miaka michache baadaye kampuni zikaanza kuwafundisha watu wao kwa mtandao, tawi likafungwa, nami nikastaafu nikiwa na miaka arobaini na moja. Watu husema huko si kustaafu. Lakini kazi ile haipo tena popote, na sijapata nyingine niliyoijua vile. Sasa ninaendesha gari la wagonjwa wa kliniki, na nimekaa Mansfield miaka mitatu, mahali pamoja, kwa mara ya kwanza.

Kwa vijana wanaouliza, kazi hii ilinifunza kwamba mfano mzuri ni daraja, na nilijenga mengi. Watu wengi walipita juu yake. Mimi nilibaki chini nikishika nguzo. Msimu huu wa uchaguzi nyasi za mtaa wangu zimejaa mabango, nami nimetambua kwamba katika miaka yote ile hakuna jirani aliyewahi kuniletea langu. Hakuna aliyejua kuna mtu wa kuletewa.

Jana alasiri nilivuka hadi nyumba ya mkono wa kushoto na kubisha. Sikuandaa maelezo yoyote. Mlango ulipofunguliwa nilitaja jina langu, nikaonyesha nyumba yangu kwa kidole, nikangoja.