Ndimu ya Kipimo

Fundi baiskeli wa Changamwe ana mazoea ya kupuliza vidole anapoingiwa na hofu, na wiki hii amevipuliza mpaka vimekauka. Mashine ya kuoshea mipira ya gofu aliibuni kwa kupimia ndimu ya ukubwa uleule, maana Mwafrika akikutwa na mpira wa klabu ya Wazungu nyumbani kwake, ni jela. Leo Mzungu katibu wa klabu alitumbukiza mpira wenyewe, akazungusha mpini; burashi zikaukumbatia, ukatoka mweupe pe. Hakutabasamu.

“Umeenea sawasawa. Kipimo ulikipata wapi?”

“Kwa ndimu, bwana. Wallahi.”

“Nionyeshe.”

Fundi akapuliza vidole, akavitia mfukoni alimoiweka ile ndimu. Akapapasa, patupu. Ndipo akakumbuka samaki wa jana, alivyokolea ndimu.