Unyoya wa Kuku na Mafuta ya Mravumba

Sisi tuliokua mtaa wa Yoba, pale Gitega, wakati wa vita, tuna harufu moja ambayo hakuna duka linaloweza kutuuzia. Watu wa rika langu wakikutana hukumbuka mpira wa majani makavu ya mgomba, maharage ya shule yenye wadudu, na kulala kifudifudi siku risasi zikilia mlimani. Hayo yote mi nayakumbuka. Lakini kwanza nakumbuka mravumba.

Kwa asiyeujua, ni mti mdogo wa dawa, majani yake yana vinyweleo, na ukiyafikicha harufu inapanda mpaka kwenye paji la uso. Bibi yetu, mama yake Baba, aliupanda kuzunguka nyumba yake Mwakiro, kule Muyinga. Vita ilipomtoa huko, alitufikia akiwa juu ya lori la viazi. Wenzake walibeba magodoro, masufuria, hata mbuzi. Yeye alishuka na vijiti vitatu ndani ya kitambaa kilicholoweshwa.

"Bibi, kuni ziko hata Gitega!" majirani walimcheka.

"Chekeni tu," akasema. "Mukianza kukohoa mutanijua."

Aliyekohoa kwanza alikuwa wa kwetu. Mdogo wangu Hadija alikuwa na kifua kibaya, na msimu wa mvua alipumua kwa mlio wa filimbi mbovu. Basi vijiti viliposhika na kuwa vichaka, Bibi akamwamuru Baba, fundi bati wa ndoo na koroboi, atoboe kifuniko cha pipa na kuunganisha bomba. Majani na maji ndani, moto chini, bomba likapita kwenye beseni la maji baridi. Mvuke ulidondoka bakulini ukiwa maji, na juu ya maji yale ukaelea utando mwembamba wa mafuta. Hapo ndipo palikuwa pangu: kuyazoa kwa unyoya wa kuku, tone baada ya tone, bila kuhema. Asubuhi nzima hukupata ya kujaza kijiko! Mtoto wa leo angeuliza mashine iko wapi, halafu angeenda kuchaji simu.

Bibi aliyachanganya na mafuta ya ng'ombe, akampaka Hadija mgongoni, akamwekea tone kwenye kanga. Mlio ulipungua, mtoto akalala. Lakini hakudai miujiza. "Hii inafungua njia tu," alituambia. "Homa ikipanda, ni hospitali. Na haiingii tumboni!" Mara mbili nilimwona Baba akimpakia Hadija kwenye baiskeli mbio kwa daktari, na Bibi huyohuyo akisukuma kwa nyuma.

Shida ilikuwa sura ya mtambo. Bibi, ambaye hakukosa swala, alikuwa ameuiga kwa jirani yake wa Mwakiro aliyepika kanyanga, ile pombe kali iliyokatazwa. Alichukua bomba, akaacha pombe. Nani angejua? Msimu mmoja wa mvua, Hadija akiwa amezidiwa na chupa yetu imebaki tupu, shefu, mkuu wa mtaa wetu, aliingia uani na vijana wawili wenye marungu. Pipa lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kutoa mvuke.

"Bon, Bibi! Nyumba ya Waislamu, na munapika kanyanga?" Shefu alisema hivyo akifuta makamasi kwa mkono. "Vunjeni hiyo kitu."

Bibi akasimama kati ya marungu na pipa, ndani kifua cha Hadija kikilia. Alikuwa mfupi, kichwa chake kinamfika shefu kwenye vifungo.

"Vita ilinitoa Mwakiro, nikatoka. Hapa sitoki. We shefu, harufu ya kanyanga umeisikia wapi, na hiyo pua yako imeziba tangu juzi?"

Watu waliokuwa wamejaa mlangoni wakaguna. Shefu akaona aibu, akachovya kidole kwenye matone ya kwanza bakulini.

"Usimeze!" Bibi akapiga kelele.

Hakumeza, ila aliweka ulimini. Uso ulimkunjamana, akatema, akapiga chafya nne mfululizo mpaka kofia ikamtoka. Kisha akavuta pumzi kwa pua. Akavuta tena.

"Mama," akasema taratibu, "hii inafungua."

"Na wewe hukupakwa hata mgongo," Bibi akajibu, na uwanja mzima ukacheka, vita au si vita. Shefu aliondoka na majani mkononi, marungu yakaondoka makavu, bila kugusa pipa; jioni Hadija akapakwa, akalala. Kuanzia siku ile Bibi alihamisha mtambo mbele ya nyumba, barabarani kabisa. Anayetaka kuona, aone.

Siku hizi mafuta ya mimea yako kila kibanda, chupa nzuri, na karatasi inaahidi kutibu kisukari, mgongo, na mume asiyerudi nyumbani. Vijana wanapaka na kujipiga picha. Sina ugomvi nao, ila yaliyoahidi kidogo ndiyo yaliyomlaza Hadija. Leo ni mama wa watoto wawili na ananitania: "Kaka, we na unyoya wako mutazeeka pamoja." Tuzeeke! Bado nazoa mafuta hayo, nina ndoto ya mtambo mkubwa, na kusoma kwangu kidogo hakunizuii kuota.

Mwaka jana nilirudi Mwakiro. Nyumba ya Bibi haiko, ua wa mravumba hauko, pamebaki mawe matatu ya jiko na mihogo ya mtu mwingine. Mwenye shamba aliponiona nikifungua kitambaa kilicholoweshwa, alicheka.

"Wenzako wanarudi na mabati, we na vijiti?"

"Cheka tu," nikamwambia. "Ukianza kukohoa utanijua."

Akanionyesha mpakani, pale mihogo yake inapoishia. Nikachimba mashimo matatu.