Gaddy Hajibu Kazini

Pale Chicago, ambako treni hupita juu ya barabara kwenye reli zilizobebwa na miguu ya chuma, Leotis Gaddy alikuwa mwangalizi. Wenzake wakiinama kufunga boliti, yeye alisimama akiwapa mgongo, macho kwenye kona, filimbi mdomoni. Treni ikitokea, apulize, nao wakimbilie ukingoni. Mwangalizi hageuki, wala hapigi soga. Ndiyo sheria ya kazi ile.

Sasa, mambo ya masikio hayana adabu. Yalianza kumziba mzee Gaddy polepole, miaka mingi ya kelele za vyuma imeyala. Mkewe, Vernell, alishachoka kupiga kelele kuhusu sukari ya kahawa. Kazini hakuna aliyejua.

"Gaddy! Suruali imekushuka!" Tyree, mtani wa genge, alimchokoza kwa nyuma.

Gaddy macho kwenye kona.

"Mnaona?" alisema Dombrowski, msimamizi. "Huyo ndiye mwangalizi. Hata ukimtukania mama yake, hageuki. Nyie mdomo kama redio."

Uziwi ukaitwa nidhamu, naye Gaddy akauacha uitwe hivyo. Isitoshe alikuwa na nyayo: mbao za reli zilimtetemekea mguuni kabla treni haijaonekana.

Ila wiki ile theluji ilishuka nzito, ikalala juu ya mbao kama godoro. Nyayo nazo zikanyamaza. Gaddy alilijua hilo tangu asubuhi, akasimama vilevile.

"Gaddy, hapa tumemaliza! Tunahamia reli ya pili, angalia upande wa kusini!" alipaza sauti Dombrowski.

Gaddy hakujibu. Nao walizoea kutojibiwa. Wakavuka na makoleo yao ya theluji, wakainama. Yeye akaendelea kuitazama kona ya kaskazini, kweupe, kusikokuwa na kitu.

Upepo ulimpiga mgongoni. Akadhani ni upepo tu, mpaka behewa la kwanza likampita ubavuni, limewasha taa, dereva amening'inia kwenye honi ambayo Gaddy hakuisikia hata kidogo.

Alipogeuka, wenzake walikuwa wamebanana ukingoni kama kuku kwenye tenga. Aliwahesabu mmoja mmoja. Wote wapo. Koleo la Tyree lilikuwa limekatwa vipande viwili.

Dombrowski alimjia mbio, mdomo unafunguka na kufungika. Gaddy akamshika mkono.

"Sema karibu, bosi. Sikukusikia. Siku nyingi sasa siwasikii."

"Wewe? Si huwa unatunyamazia makusudi?"

"Nilikuwa siwasikii, bwana."

Tyree akaokota kipande cha koleo lake.

Dombrowski alitazama boliti zilizolegea, akatazama ile kona, kisha akamrudia Gaddy. Mwangalizi mwingine hakuwapo, na treni zisingesubiri.

"Nipe hiyo filimbi," alisema, naye akaivaa shingoni. "Shika spana. Inama hapa katikati yetu. Na mtu asiachie bega lake; nikipuliza, amvute."

Gaddy akapiga magoti kwenye theluji, mkono wa Tyree begani mwake, akafunga boliti bila kusikia chochote.