Kijiko Alichokataa Kuonja Xavérine

Xavérine, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, wa mtaa wa Nengo mpakani na Goma, hakuwa mtu wa kubembeleza. Majirani walimchukia, naye hakuwaomba wampende. Aliyemlegeza ni mmoja tu: Ingabire, mtoto wa marehemu dada yake, msichana wa miaka mitano aliyezaliwa na virusi vya UKIMWI.

Mwaka 1999 kaka yake aliyeko Ubelgiji alifanikiwa kupitisha Goma chupa za dawa ya maji ya kupambana na virusi hivyo. Zilitosha barabara hadi mzigo mwingine ufike, mradi kusipotee hata kijiko kimoja. Daktari akamwonya: "Mama, kinga ya mutoto ililala. Dawa itaiamsha, ianze kupigana. Anaweza kuvimba. Usisimamishe."

Wiki ya tatu, kwapa la mkono wenye kovu la chanjo likavimba kama kiazi. Homa ikapanda. Nengo nzima ikapata la kusema: mtoto alikuwa anacheza vizuri tu, mama yake mdogo kamtilia sumu.

Umbea ukapanda mlimani hadi Nyakiriba kwa Mukagatare, bibi mzaa baba wa Ingabire. Akashuka na hasira zake, umati nyuma yake.

"We Xavérine, onja mbele! Mutu anaonjaka kile anapana!"

Ndiyo desturi. Pombe, maziwa, hata maji, mwenyeji hunywa kwanza. Asiyeonja ana lake rohoni. Xavérine alilijua hilo tangu utotoni, lakini kiburi kikamkaba.

"Siwezi kuonja dawa ya mutoto. Iko ya kupima. Mutoke hapa!"

"Munaona? Anakataa!"

Kijiko kimoja kingemaliza kesi, mwanamke mbishi yule! Mukagatare alimwaga chupa zote uani, akambeba mtoto, akaenda zake.

Mwezi mzima, kila Xavérine alipopanda Nyakiriba, walimfukuza kwa mawe. Mzigo mpya ulipofika alipanda nao tena. Safari hii Mukagatare alimngoja akicheka, akainua mkono wa mtoto.

"Angalia! Majani yangu imemuponyesha."

Mtoto alikuwa mifupa mitupu, mdomo umejaa utando mweupe. Xavérine alipapasa kwapa akitafuta hata kijivimbe kidogo, hakukipata. Hakuna kilichokuwa kinapigana tena mle ndani. Hofu ikamshika.

Akafungua chupa, akanywa kijiko kizima mbele yao wote.

"Nimeonja, mama. Sasa mumupe."

Mukagatare alimtazama kwa dharau. "Ya nini? Mutoto amepona."