Kupe Hawafi kwa Hotuba

Milembe wa Sapiwi alipoteza ng'ombe saba kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, mwaka ule soko huria lilipoingia na dawa ya josho ikaacha kuletwa na serikali. Kwa hiyo mkutano wa kumchagua mwenyekiti wa kijiji ulipoitishwa, alikwenda na swali lake.

Wagombea walikuwa wawili. Method, aliyerudi kutoka Mwanza, aliongea Kiswahili kitamu mpaka watu wakasahau jua. Shigela, aliyeogesha mifugo joshoni miaka kumi na miwili, alikuwa na kigugumizi. Alipofungua mdomo tu, watu wakaangua kicheko.

Milembe akasimama. "Josho letu limekauka. Mtalifufuaje?"

Method akasifu maendeleo, akapigiwa makofi. Shigela akahangaika na kila neno, lakini akaeleza dawa inapatikana wapi, inachanganywa vipi, na kwamba ufa wa ukuta uzibwe kwanza.

"Mayu, keti mama," msimamizi akamwambia Milembe. "Huyu kuongea hawezi. Atatusemea vipi wilayani?"

"Siketi! Kupe hawafi kwa hotuba. Chekeni mpaka mchoke, mimi namtaka anayejua kazi."

Method alishinda kwa kura nyingi. Milembe hakumwomba mtu radhi. Wiki ileile aliwakusanya majirani wenye ng'ombe, wakaziba ufa, wakachanga fedha za dawa na kumkabidhi Shigela josho. Masika yale hawakuzika hata ndama.

Mwenyekiti Method naye akaja akiswaga ng'ombe wake. Milembe akamwonyesha mahali pa kusimama: nyuma kabisa ya foleni.