Nilihesabu kimanga kama protini tupu, nusura nimkose mke

Wakuu, mko salama? Nimewaona humu mkibishana kuhusu macros, hizo hesabu za protini, mafuta na wanga, huyu na app yake, yule na coach wa mtandaoni, nikacheka mpaka chai ikapoa.

Ngoja mzee wenu wa Voi niwaambie yaliyonikuta miaka ya sabini. Siongezi chumvi, na hata hiyo chumvi yenyewe daktari amenikataza.

Nilikuwa kijana wa Kikamba kutoka Maungu, nimepanga chumba Kaloleni ya hapa Voi, kazi yangu kupakia magunia stesheni. Jioni nilikuwa bondia.

Mashindano ya Mombasa yalikuwa yanakaribia. Mimi nilikuwa kilo themanini, na kwenye uzito wangu tayari kulikuwa na jamaa mmoja ambaye hata kivuli chake kiliniogopesha. Coach Mwakio, mwalimu wetu aliyetoka jeshini, akaniambia nishuke hadi sabini na tano au nibaki nyumbani.

"Lakini usiache kula," akasema. "Ukijinyima tu, utafika huko mwepesi sawa, na ngumi yako itakuwa ya kubembeleza mtoto. Mafuta yatoke, misuli ibaki."

Akanipigia hesabu kwa chaki ukutani. Mwili wangu ulihitaji kama kalori 2,400 kwa siku, tukatoa 400, zikabaki 2,000. Protini gramu 150, karibu mbili kwa kila kilo. Hizo ni kalori 600. Mafuta gramu 60, kalori 540, na mafuta ya kukaangia yamo humo humo, usijifanye hukuyaona. Zilizobaki, 860, ni za wanga, yaani gramu 215.

Vijana, hiyo ndiyo macros yenu. Sisi tuliiita chaki ya coach.

Basi nikawa natafuta mayai, maziwa, nyama isiyo na mafuta na samaki mkavu. Ugali ukawa kipande cha kuombea radhi. Kila wiki napanda mizani ya magunia pale stesheni, na wenzangu wananiuliza kama nasafirishwa Nairobi au Mombasa.

Shida ilikuwa Jumapili.

Jumapili nilikuwa napanda Mwanda, kule vilima vya Taita, kwa kina Wakesho, mchumba wangu. Mama yake alikuwa akipika kimanga, kile chakula cha Kitaita cha kuponda. Mimi Mkamba, nikiangalia naona maharage. Rangi ya maharage, harufu ya maharage. Nikajiambia, hapa ni protini tupu, nikaongezwa mara tatu, mama mkwe mtarajiwa akifurahi na mimi nikifurahi.

Mizani haikufurahi. Nilikuwa nazidi badala ya kushuka.

Nilipomweleza coach, alikaa chini kabisa.

"Kimanga? Wewe, mle ndani kuna ndizi, kuna muhogo! Hata maharage yenyewe yana wanga mwingi kuliko protini. Umekula wanga wa wiki kwa kikao kimoja, halafu umeandika nyama!"

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Jumapili iliyofuata, mama aliponipakulia, nikasema, "Asante Mama, nimeshiba." Sikueleza kitu. Niliona aibu kumwambia mama wa watu kwamba chakula chake kinanitoa kwenye timu.

Alirudisha sahani jikoni. Siku hiyo tulikuwa tupange tarehe ya wazee wangu kuja kuposa. Hakuna aliyeigusa hiyo habari.

Wakesho alinisindikiza mpaka njiani, macho chini. "Mama anasema mtu akikataa chungu, amekataa nyumba. Nimwambie nini?"

Wakuu, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa ngumi. Nikila, nimekosa Mombasa. Nisipokula, nimemkosa Wakesho. Na Wakesho nilimpenda, nalisema wazi.

Nikageuka, nikarudi jikoni. Mama alikuwa anaosha ile sahani. Nikamwambia yote: bondia, kilo tano, chaki, gramu. Nilipofika kwenye kuhesabu kimanga kama nyama, alianza kutikisika mabega. Nikadhani analia, kumbe anacheka!

"Mwanangu, si ungesema? Mimi nilidhani umepata kwingine. Ndizi nazitia mwenyewe kwa mkono wangu, nashindwaje kuzipunguza?"

Tangu hapo nikawa na chungu changu kidogo: maharage mengi, ndizi ya kuonjesha, na kuku wa kuchemsha pembeni. Sahani moja, naimaliza yote, heshima imebaki na hesabu imetimia.

Sabini na tano nilifika, na magunia bado nilibeba kama kawaida. Mombasa nilipigwa kwa pointi pambano la pili. Wazee wangu walipanda Mwanda wiki iliyofuata, nikiwa na jicho limevimba, na mama akanipakulia kimanga cha kawaida, kilima kizima. Nililamba sahani.

Juzi daktari kaniambia nipunguze mafuta na nilinde misuli, maana uzeeni inakwisha haraka. Nikaweka app. Nikaandika "kimanga". App haikijui.

Ikaniuliza viungo na vipimo. Nikamuuliza Wakesho mle jikoni, naye akaanza kutaja, na sauti ilikuwa ya mama yake kabisa. Mama alishatutoka. Nikaandika kila alichotaja, neno kwa neno.

Nilichojifunza ni hiki: piga hesabu ya chakula chako, lakini mwambie anayekupikia. Hakuna app inayoweza kukupunguzia ndizi kwenye chungu.

Haya, na nyinyi semeni: ni chakula gani cha ukweni kilichowahi kuwaharibia diet? Msinitukane tu, Wakesho anasoma nyuma ya bega langu, na ameshapakua.